Bei ya Kwanza Chini ya Matao

Katika maisha yangu yote ya soko nimekubali bei ya kwanza mara moja tu, na siku hiyo nilikuwa sina viatu miguuni.

Mimi ni mtu wa Baraka, mji wa ufukweni mwa ziwa. Ndakala zangu, dagaa wakavu wa ziwa, hupanda kwenda Fizi na Kilembwe, maharagwe na mafuta ya mawese hushuka, na hapo katikati ndipo ninapokula. Wenzangu wa sokoni husema nikinunua mayai ninayahesabu, halafu ninayahesabu tena kuanzia upande wa pili. Ni kweli. Wasichosema ni kwamba mara moja hesabu hizo hazikulingana.

Ndiyo maana dada yangu alinichagua mimi. Mwanawe, ambaye baba yake alifariki zamani, alikuwa amempenda binti wa misioni ya kale kule milimani, juu ya njia ya Lulimba. Binti huyo alikuwa ameshuka Baraka kujifunza ushonaji. Mpwa wangu akaanza kumpelekea suruali zisizo na tundu lolote ili zishonwe, na mambo yakaenda. Sisi ni Waislamu wa ufukweni, wao ni Wakatoliki tangu enzi za babu zao. Jambo hilo lilikuwa limekwisha kusemwa na kulala pande zote mbili, na sina haja ya kuliamsha. Kilichobaki ni mahari.

"Ng'ombe moja," dada aliniambia, huku akinifungia kuku wa zawadi miguu. "Ukisikia ya pili, we sema tumbo inakuuma, urudi. Ng'ombe ya pili ni moteri ya mutoto."

Alikuwa na haki. Moteri ile, iliyofungwa nyuma ya mtumbwi, ndiyo kazi yote ya mpwa wangu. Akiiuza ili anunue ng'ombe, ataoa mke na kumlisha upepo wa ziwa.

"Na usikubali haraka," akaendelea. "Beyi ya kwanza ukiikubali, watasema tunaona binti yao ni wa bure. Kule kuna mutu wa dhahabu wa Lulimba, naye anamutaka binti, amekwisha kumuletea shangazi ya binti kitenge cha Hollande. Wanatafuta tu sababu ya kutufukuza."

"Dada, mi nimekwisha kupatana na askari wa bariyeri za njiani," nikamjibu.

"Askari wanataka sigara. Bale wanataka heshima. Kamata kuku."

Tulipanda kwa pikipiki ya kuazima, mpwa wangu mbele, mimi nyuma, kuku katikati akitoa maoni yake kwenye kila shimo. Tukapita Fizi, tukashika njia ya Lulimba, halafu tukaiacha na kuanza kupanda. Kabla ya kufika niliona kitu chekundu kimesimama juu ya mgongo wa mlima. Nilidhani ni jabali lililomenywa na mvua. Tulipokata kona jabali likawa na madirisha.

"Ile ni nini?" nikamuuliza mpwa wangu.

"Katedrali, mujomba."

Hakuna askofu anayekaa pale. Inasemekana zamani mapadri Wazungu walitaka pawe kiti cha askofu, ndiyo maana wakajenga ukubwa ule. Halafu askofu akapelekwa kwingine, lakini jina likakataa kuondoka. Mnara wake umekatika juu, kama penseli iliyovunjwa. Nilifikiri ni vita vilivyouvunja. Kumbe haukuwahi kumalizika.

Babu wa binti alitupokea uani. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo, na ndiye mwenye funguo za kanisa. Mwembamba, mrefu, koti lake limefungwa vifungo vyote kwenye jua lile. Pembeni yake alisimama shangazi wa binti, mama mnene mwenye macho ya kupima mizani. Alimpokea kuku, akamnyanyua, akamshusha, akamnyanyua tena. Nikajua huyo ndiye adui wangu wa kweli, maana hivyo ndivyo ningefanya mimi.

Viti vilikuwa vimepangwa. Nilikuwa nimekwisha kuandaa koo langu. Lakini mzee akasema, "Mbele ya maneno, mukwe, tuingie kwanza mule. Uone binti anatoka nyumba gani."

Hii mbinu naijua. Mimi mwenyewe, mteja akija kununua gunia, humwonyesha kwanza ndakala za juu, zile kubwa zinazong'aa, nikizipitisha kwenye mkono polepole. Nikasema moyoni: zee hili linataka kunionyesha ndakala za juu. Sawa. Nitaangalia, nitasema "mm", nitatoka. Mpwa wangu akabaki kwenye pikipiki, maana mwenye kuoa hana neno siku ya mahari.

Mlangoni nikavua viatu. Sikufikiri, miguu yangu ikiona mlango wa nyumba ya Mungu hujivua yenyewe. Mzee akaviangalia viatu vyangu.

"Mukwe, huku batu wanaingia na viatu."

"Ni mazoea ya miguu, muzee. Usijali."

Akafikiri kidogo. Kisha akainama, akavua sandali zake za mpira wa tairi, akaziweka sambamba na viatu vyangu. "Basi na mi nivue. Isionekane mumoja amemupita mwenzake kabla hatujaanza."

Nikamheshimu. Mtu anayeanza kupatana mlangoni ni mtu wa kweli.

Ndani palikuwa baridi. Ubaridi ulinipanda kutoka chini, kwenye matofali ya sakafu yaliyolainishwa na watu wengi waliopita kabla yangu. Kwanza sikuona kitu, giza tu. Halafu macho yakatulia, nikaona nguzo. Nguzo za matofali, mistari miwili, zikienda mbele na kuendelea kwenda. Nikafanya ninachofanya siku zote: nikazihesabu. Nikapata kumi na sita. Nikarudia kuanzia upande wa pili, nikapata kumi na nne. Kosa lilikuwa kwamba katikati ya hesabu niliinua kichwa.

Nimejenga mitumbwi mitatu. Najua tumbo la mtumbwi likiwa limepinduliwa ufukweni, ukaingia chini yake kukwepa mvua, ukaona mbavu zinavyopanda kutoka pande zote mbili na kukutana juu. Mule ndani ilikuwa hivyo hivyo, ila mtumbwi wenyewe ungebeba Baraka nzima, na soko lake, na madeni yake. Kila nguzo ilipanda, ikafika mahali ambapo kitu kilichojengwa kwa udongo kinapaswa kuchoka, na haikuchoka. Iligawanyika matawi, tawi likaenda kukutana na tawi la nguzo ya ng'ambo, na pale yalipokutana palichongoka. Matofali! Vitu vinavyotaka kuanguka kila siku ya maisha yao. Na yalikuwa kule juu, yamekaa hewani, yametulia.

Nilikohoa. Kikohozi kikapanda, kikatembea huko juu, kikakaa, kisha kikarudi kwangu kikiwa na adabu zaidi kuliko kilivyotoka.

"Mm," nikasema, kama nilivyopanga. Lakini haikuwa "mm" niliyoipanga.

Mzee akanishika kiwiko. Akanipeleka ukutani, kwenye madirisha marefu yenye vioo vya rangi. Dirisha moja lilikuwa na wavuvi wa Injili wanavuta wavu. Wanaushika vibaya, ukivuta hivyo ziwani kwetu unarudi nyumbani na mkono mmoja. Nilifurahi kupata kosa, nikalishika kama mtu aliyeshika ukingo wa mtumbwi. Lakini jua lilikuwa nyuma yao, na maji ya kwenye kile kioo yalikuwa buluu ile ya ziwa letu kabla ya upepo wa mchana, buluu ambayo sikujua kwamba kuna mtu mwingine aliyewahi kuiona.

Vioo vingi vilivunjika wakati wa vita. Hapo walipokosa kioo, waumini walikata chupa za bia, wakapanga vitako vyake kwenye saruji, kijani na kahawia. Kwa hiyo mtakatifu mmoja ana joho la hariri hadi kiunoni, na kuanzia hapo kwenda chini ni chupa. Mwanga wa chupa zile ulianguka sakafuni, ukaanguka kwenye miguu yangu mitupu. Nikatazama vidole vyangu vikiwa vya kijani, sikuweza kucheka.

"Na hii," mzee akasema, akigusa ubao uliochongwa, mmoja wa zile za Njia ya Msalaba. Yesu amebeba msalaba, na wanawake wanaomlilia wamebeba vikapu mgongoni, kamba zimepita kwenye paji la uso, kama mama wa milimani wanavyobeba mihogo. "Fundi alikuwa wa huku. Mupadri alimuuliza, hawa bamama wanalia na muzigo mugongoni? Fundi akamuambia, kwani waliambiwa mbele kama atapita?"

Halafu akaniambia jinsi matao yalivyosimama. Alisema padri wa kwanza alikuja na mchoro kwenye karatasi, na watu wa mlima walijua kuchoma tofali, lakini tao hawakuwahi kuliona. Walijenga la kwanza, likaanguka. Wakajenga lingine, nalo likaanguka. Ndipo wakatuma watu chini ziwani, kwa Waislamu wanaojenga mitumbwi, maana hao wanajua kukunja mbao kwa moto na maji. Watu wa ziwa wakapanda, wakatengeneza kiunzi cha mbao chenye umbo la tumbo la mtumbwi. Matofali yakapangwa juu yake. Siku ya kutoa mbao, padri aliwaambia watu wote wasiogope, kisha akatoka nje.

"Na watu wa ziwa?" nikauliza.

"Wale ndio walitoa mbao. Walikaa palepale chini, wakala ndakala zao, wakingoja."

Ndakala. Nilitazama juu tena.

"Na tofali?" mzee akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Tofali zote za hii nyumba ni za bakwe. Huku kwetu, ukija kuoa, unaleta mbuzi, unaleta ng'ombe, sawa. Lakini unachoma pia tanuru moja ya tofali, na mikono yako. Kila mutu na alama yake."

Akaushika mkono wangu akaupeleka kwenye nguzo, na vidole vyangu vikaona kabla ya macho. Alama zilikuwa kila mahali, zimebonyezwa kwenye udongo kabla haujachomwa: jembe dogo, mistari mitatu, kwato ya mbuzi, kisigino cha mtu. Nguzo nzima ilikuwa wanaume waliokuwa wanataka kuoa. Kwenye urefu wa bega palikuwa na tofali lenye dole gumba mbili zimekaa pamoja. Mzee akaweka dole gumba zake juu yake. Hazikuenea tena, alama zilibaki za kijana.

"Ya kwangu," alisema. "Ya kumuoa bibi yake yule binti. Ni miaka mingi hayuko. Munara unangoja bado, vita ilikata hesabu."

Nikiwa nimesimama pale, mkono kwenye tofali lake, miguu ya kijani, shingo inauma kwa kutazama juu, mzee akasema polepole, karibu kama anasali: "Ng'ombe mbili. Mbuzi kumi. Na tanuru moja kwa munara."

"Ndiyo," nikasema.

Neno likapanda juu. Likatembea. Likarudi: ndiyo.

Nilimwona mzee akiporomoka usoni. Aliutoa mkono wangu kwenye nguzo taratibu, akakifunga kimoja cha vifungo vyake ambavyo vilikuwa vimekwisha kufungwa, akatoka nje bila sandali. Nikamfuata. Uani alimwambia shangazi kwa sauti ya mtu aliyefiwa: "Amekubali."

"Amekubali nini?"

"Yote."

Yule mama akasimama. "Yote namna gani? Bila hata kusema 'punguza'? Mutu huyu ametoka wapi? We baba, ulifikiri tunauza masalia ya soko, saa ya jioni, kila mutu anataka kurudi nyumbani? Hata kwa huyu kuku wako ningebishana! Binti wetu amesoma, anashona, anajua kusali, na we unasema 'ndiyo' kama unapokea chenji!"

"Mama, nilikuwa naangalia juu..."

"Ulikuwa unaangalia juu! Basi rudi Baraka ukaangalie juu kule kule. Mutu wa Lulimba alikaa hapa kutwa nzima anabishana, mpaka akatokwa jasho. Yule anajua binti ni kitu gani."

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono kwenye magoti. Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi. "Nilikuwa na maneno," alisema. "Nililala nikiyapanga. Nilikuwa nitasema hivi, mutasema hivi, nitasimama, mutanishika koti, nitakaa tena. Mujukuu wa kwanza kuolewa. Sasa nitayapeleka wapi?"

Nikaenda kwenye pikipiki. Mpwa wangu alikwisha kusoma nyuso.

"Mujomba, wamekataa?"

"Nimekubali."

"Ng'ombe mbili?"

"Na mbuzi kumi. Na tofali. Ndiyo maana wamekataa."

Akakaa chini, palepale kwenye vumbi, akaegemea gurudumu. Nilimngoja anitukane. Hakunitukana. Alisema tu, "Basi nina moteri, sina muke," kama mtu anayenisaidia kufanya hesabu.

Nimepoteza bidhaa mara nyingi. Gunia zimelowa, mtumbwi umezama, wateja wamekimbia. Sikuwahi kupoteza kitu cha mtu mwingine kwa sababu ya kutazama paa. Nikashusha macho kwa aibu, na ndipo nilipoiona miguu yangu: mitupu, imejaa vumbi jekundu. Mtu anayehesabu mayai mara mbili alikuwa ametoka bila viatu.

Wazo likaingia kupitia nyayo hizo hizo. Nikageuka, nikarudi uani, nikasimama mbele ya mzee, nikapaza sauti ya soko ili hata majirani waliokuwa nyuma ya mihogo wasikie.

"Muzee, mi sijakubali kitu chochote!"

Shangazi akashika kiuno. "Ona huyu! Ulisema ndiyo."

"Nilisema ndiyo ndani ya nyumba ya Mungu, bila viatu. Mutu akisema kitu mule bila viatu, anamuambia nani? Anamuambia Mungu. Nilimuambia Mungu ndiyo, kwa sababu ya matao. Kwa babu sijasema hata 'bonjour'. Kwani we mama, umeona wapi batu wanapatana mahari miguu chini?"

Mzee aliinua kichwa. Akaitazama miguu yangu. Akaitazama yake, nayo mitupu, nayo nyekundu. Kitu kikaanza kurudi usoni mwake, kidogo kidogo.

"Ni kweli," alisema. "Hata mi sikuwa na viatu. Ile beyi niliyosema, sikuisema."

"Baba!" shangazi akaita.

"Nyamaza. Wote wawili hatukuwa na viatu." Akasimama. "Mukwe, twende tuvae."

Tukarudi mlangoni, tukavaa, bila kutazama ndani. Mimi niliyazuia macho yangu kwa nguvu. Tukakaa kwenye viti. Majirani walikuwa wamekwisha kufika na vigoda vyao. Mzee akasafisha koo, akavuta koti, akanitupia: "Ng'ombe tatu!"

Ilikuwa imepanda. Moyo wangu ukafurahi kama wa mtoto.

"Tatu!" nikaruka. "Binti atakuwa anakamuliwa?" Watu wakacheka. Mzee akasimama kwa hasira, nikamshika koti, akakaa. Alisema maneno yake yote, yale aliyolala nayo, na hakuna hata moja nililomnyima. Aliponisukuma sana kwenye ng'ombe wa pili, nikatoa silaha aliyonipa mwenyewe.

"Babu, matao yenu yalisimama juu ya mbao za nani?"

Mkono wake ukaenda kwenye kifungo cha koti.

"Babu zetu wa ziwa walipanda huku, wakakunja mbao, wakakaa chini ya tao padri akiwa nje. Walioa nani? Waliozeshwa nani? Walilipwa nini?"

"Chumvi," mzee alisema. "Walilipwa chumvi. Mi mwenyewe niliiona."

"Chumvi ilikwisha kuliwa. Matao yapo. Ng'ombe wa pili tulimuleta zamani, bado amesimama mule ndani, munasali chini yake!"

Vigoda vilipiga kelele. Hata shangazi aligeuza uso upande wa mihogo, na mabega yake yakatikisika. Mzee alinitazama kwa muda mrefu, kwa upendo wa mtu aliyeibiwa vizuri.

Tukafika ng'ombe mmoja na mbuzi wanane, na kitenge kwa shangazi, kisichopungua kile cha Lulimba. Ndipo mzee, kwa ukarimu wa mwisho, akasema, "Na kwa sababu ninyi si wa hii kanisa, tanuru tunaweza kuiacha."

Ilikuwa bure. Nilikuwa nimepewa punguzo bila kuliomba. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Tanuru inabaki."

"Mujomba!" ikatoka sauti kwenye pikipiki, mahali ambapo hapakutakiwa kutoka sauti. "Mi sijui hata kuchanganya udongo!"

"Binti anajua," shangazi akamjibu kwa ng'ambo. "Atakufundisha. Na ukichoma vibaya tutakurudishia zote."

Mpwa wangu alichoma wakati wa kiangazi, akipanda mlima kila alipoweza kuiacha moteri. Alama yake ni nati ya moteri hiyo, aliyoibonyeza kwenye kila tofali likiwa bichi: pembe sita na tundu katikati. Mnara sasa umeupita ukingo wa dirisha la kengele. Siku ya harusi nilisimama chini yake na shangazi, yeye ndani ya kitenge chake, tunaangalia juu wote wawili.

"Bakwe wengine walituletea tofali," akaniambia. "Wenu alituletea tofali za kufunguliwa na kle, ile spana ya makanika. Kanisa likiyumba tutamuita akaze."